Jengo la Mtu Mmoja

Wanaomfahamu Hilaria watakwambia hakuwa mwanamke wa waganga. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa misa ya kwanza, mkali kwa watoto wanaochuma maua ya watu, na nyumba yake pale Old Korogwe ilikuwa na pazia jeupe lililofuliwa kila Jumamosi hata kama halikuchafuka. Kama kuna kitu kilichomponza ni upweke, na upweke ni maradhi ambayo ukienda nayo hospitali utarudishwa na panadoli.

Mumewe, Deogratius, alipofariki, mtoto wao wa pekee, Eliasi, alikuwa ameshahamia Mwanza na familia yake. Alipiga simu sikukuu hadi sikukuu. Hilaria akakusanya mafao yake na ya marehemu, akanunua jengo Handeni: ghala kubwa la bati nyuma, ofisi mbele, uzio na geti la chuma, kando kabisa ya lami. Twaha, dalali aliyemtafutia, alilisifia kwa jambo moja tu.

"Hili ni jengo la mtu mmoja, mama. Siyo vyumba kumi na ugomvi wa choo na umeme wa luku. Mpangaji mmoja, mkataba mmoja, wewe unakula uzee wako umekaa."

Eliasi alipoambiwa, alicheka kwenye simu. "Na huyo mmoja akiondoka, mama? Si jengo zima limeondoka?"

Hilaria hakulipenda swali hilo, kwa sababu jibu lake alilijua tangu utoto. Baba yake alikuwa manamba, aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, na Hilaria alikulia kwenye kambi ya shamba, mkabala na korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge. Siku kampuni ilipofungasha, korona ilinyamaza. Wenye kwao walirudi kwao. Akina Hilaria hawakuwa na pa kurudi, wakabaki na lile jengo tupu mbele ya macho, popo wakiingia na kutoka, bati likigongana na upepo mchana kutwa. Tangu hapo jengo tupu lilimtisha kuliko nyoka.

Ndiyo maana alimpenda mpangaji wake. Aliitwa Godlisten, Mchaga wa Rombo, mcheshi, mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Kila Ijumaa alipeleka mafuta kwa wateja wake wa Korogwe, na hakuwahi kupita bila kusimama kwa Hilaria na chupa ya mafuta yaliyokamuliwa asubuhi ileile, bado yana uvuguvugu.

"Shikamoo mama. Nimekuletea ya moto."

"Marahaba, baba. Kaa, chai ipo."

Walikaa wakaongea habari za mvua, za mashine, za Yusta mkewe aliyekuwa Rombo na watoto. Katika wiki nzima, hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee iliyomwita mama ndani ya nyumba ile.

Ijumaa moja hakumaliza chai.

"Mama, nisikufiche. Mkataba ukiisha narudi nyumbani. Yusta anaumwa, na watoto wanakua hawanijui."

"Na mashine zako?"

"Nahamisha kila kitu, mama."

Hilaria akasema ni vizuri, familia kwanza, na akamfungia mihogo ya kula njiani. Alimwonea Yusta huruma, kweli. Lakini alijionea mwenyewe huruma zaidi. Godlisten alipoondoka, alikaa akiitazama ile chupa mpaka mafuta yakapoa.

Mama mmoja wa soko la Manundu ndiye aliyemtajia Bibi Mwaija wa Mashewa. Huku kwetu mtu akinunua kiwanja hukizindika, wezi na wachawi wasiingie. Ni jambo la kawaida, na hata waumini wazuri hulifanya kimyakimya. Ila Hilaria hakwenda Mashewa kumzuia mtu asiingie. Alikwenda kumzuia mtu asitoke.

Bibi Mwaija alimsikiliza huku akichambua maharage.

"Unataka zindiko la kugeuza," alisema. "Sijawahi kuombwa hilo na mwenye jengo. Mpaka lini?"

"Asiondoke tu, bibi."

"Nakuuliza mpaka lini."

"Nitamfungua mwenyewe, wakati ukifika."

Bibi akaacha maharage. "Basi umfungue angali anatembea. Akishalala, mimi simo."

Akampa kitambaa cheusi na maelekezo. Siku Godlisten alipotoka kwenda kula, Hilaria alichota udongo wa unyayo wake pale uwanjani, akaufunga, akaufukia chini ya kizingiti cha ofisi. Julius, mlinzi wa geti, alimwona ameinama. Alidhani mama ameangusha hereni.

Siku ya kuhama ilifika. Mashine zilipakiwa kwenye fuso, zikafungwa kamba. Godlisten akaagana na Hilaria kwa heshima zote, akapanda mbele na dereva. Fuso likafika getini.

"Ngoja," alisema. "Nimesahau kitu ndani."

Akashuka, akaingia ofisini. Walisikia droo zikifunguliwa, zikifungwa, zikifunguliwa tena. Dereva akapiga honi. Jua likahama upande. Godlisten alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha, na mikono yake haikuwa na kitu. Akaomba mashine zishushwe, ataondoka kesho.

Kesho yake ikawa vilevile. Na wiki iliyofuata. Madereva wakaanza kumkwepa, mashine zikarudi kuunguruma ghalani, na Hilaria alifurahi. Lazima isemwe hivyo hivyo: alifurahi.

Lakini Ijumaa hakuna aliyebisha hodi Old Korogwe. Godlisten hakuweza tena kuvuka lile geti hata kwa kupeleka mafuta. Hilaria akangoja, akachoka kungoja, akapanda gari kumfuata. Alimkuta amekonda, shati limemning'inia, vidole vyake vimechubuka kwa kuvuta droo.

"Mama," alinong'ona, "hivi nimesahau nini?"

"Pumzika, baba. Utakumbuka."

Alipokuwa akisema hayo, kizingiti kilikuwa chini ya viatu vyake. Alijua anatakiwa kuchimba. Alijua palepale. Akajiambia, wiki ijayo. Akarudi nyumbani, akapika, akala peke yake.

Wiki iliyofuata alirudi Handeni na jembe dogo ndani ya kikapu. Mashine zilikuwa kimya. Julius alikuwa amekaa nje ya geti, kofia mkononi, analia bila kujificha. Godlisten alikutwa kwenye kiti chake, droo zote wazi. Daktari alisema ni moyo.

Watu walipotawanyika, Hilaria alichimba hata hivyo. Kitambaa hakikuwepo. Udongo ulikuwa umelowa mafuta. Aliugusa. Ulikuwa wa moto.

Wachaga hawamwachi mtu wao ugenini. Yusta alikuja na ndugu, mgonjwa vile alivyokuwa, kumchukua mumewe akalale kwenye kihamba, shamba la ukoo la baba zake. Wafanyakazi waliomba wamuage pale kazini, kwa hiyo sanduku likashushwa uwanjani, sala ikasomwa, na wanaume wakajipanga kulibeba tena. Walijikaza kama watu wanaobeba mtu mzima. Wakanusurika kuanguka.

"Mbona jepesi?" mmoja alinong'ona.

Walitazamana. Wakaliingiza kwenye gari haraka haraka.

Yusta alimshika Hilaria mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. "Mama, mbona nahisi kama namwacha?"

Hilaria alimfungulia mlango wa gari. Nyuma yao, ndani ya ofisi iliyofungwa kwa kufuli, droo ilivutwa.

Jengo likabaki bila mpangaji. Twaha alileta watu. Mfanyabiashara mmoja wa saruji, mama aitwaye Catherine, alilipenda ghala, akapima kwa macho pa kugeuzia magari, akaingia ofisini peke yake. Ilikuwa mchana kweupe. Akatoka mbio.

"Mzee Twaha, mbona hukuniambia kuna mtu?"

"Hakuna mtu humo, dada."

"Yupo. Anatafuta kitu kwenye droo. Nimemsalimia, hata kichwa hakuinua."

Baada ya Catherine alikuja mwingine, akatoka vilevile. Julius naye aliacha kazi, simu yake ikawa haipatikani. Twaha akaacha kupokea za Hilaria. Kile alichokiogopa tangu kambi ya mkonge kilikuwa mikononi mwake sasa, jengo kubwa linalogongana na upepo. Ajabu ni kwamba halikuwa tupu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kila alipofumba macho alisikia mtu aliyempenda akitafuta kitu ambacho hakikuwahi kupotea.

Alirudi Mashewa. Bibi Mwaija hakumkaribisha ndani.

"Nilikwambia angali anatembea."

"Nisaidie, bibi. Siyo kwa ajili ya jengo. Jengo na liungue. Ni yeye."

Bibi aliegemea mlango. "Jengo umelifungia mtu mmoja," alisema. "Halikai bila mtu. Akiingia mwingine kwa hiari yake, yule wa kwanza atapata njia."

"Mwingine nani?"

Bibi Mwaija alimtazama tu, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Hilaria alifua lile pazia jeupe, akalitundika, akafunga nyumba. Alifika Handeni alasiri. Akafungua kufuli.

Harufu ya alizeti ilimpokea. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma ya meza. Hakuona mtu. Aliona droo. Ikafunguka. Ikajifunga. Polepole, kama inavutwa na mtu aliyechoka sana.

"Godlisten."

Droo ikasimama nusu.

"Hujasahau kitu, baba. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekufunga." Akashika ukingo wa meza. "Nilikuwa peke yangu. Nikaona heri uteseke wewe kuliko mimi kukaa na kile kimya. Nisamehe."

Droo ilibaki nusu wazi.

"Na kama kipo ulichosahau, nitakitafuta mimi. Wewe nenda kwa Yusta."

Akazunguka meza. Akaketi kwenye kiti. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Hewa ikapita mbele ya uso wake. Kisha sakafuni, unyayo. Wa mafuta. Unang'aa. Ukafuata mwingine. Na mwingine. Zikafika kwenye kizingiti. Zikasita hapo. Zikavuka. Hilaria alizifuata kwa macho kupitia mlango, zikikata uwanja, zikipita geti, mpaka kwenye lami. Hapo zikakoma.

Asubuhi simu iliita kutoka Rombo.

"Mama, shikamoo," alisema Yusta, kwa sauti ya chini. "Kaburi la Godlisten limetitia usiku. Na huku hakujanyesha. Wazee wanasema limekaa kama vile sanduku limepata uzito."

"Ashukuriwe Mungu," alisema Hilaria, na akalia mpaka simu ikakatika.

Habari kwamba mama yake anaishi ofisini mwa ghala zilimfikia Eliasi kupitia watu, na aibu ikafanya kile ambacho mapenzi hayakukifanya. Alikuja mwenyewe na gari. Alimkuta mama yake ameketi kwenye kile kiti, amekonda, vidole vimechubuka.

"Mama, tumekukosea. Twende Mwanza. Chumba chako kiko tayari, na wajukuu wamekataa kulala mpaka ufike."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri Hilaria tangu walipomzika Deogratius. Alimkumbatia mwanawe akicheka na kulia kwa pamoja. Alifungasha begi lake, Eliasi akaliweka kwenye buti. Akapanda mbele, akafunga mkanda. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kwanza baada ya muda mrefu.

Gari likafika getini. Eliasi akapunguza mwendo.

"Nani kamwaga mafuta hapa?" Alichungulia dirishani. "Ni nyayo hizi. Zote zinatoka. Mbona hakuna za kuingia?"

Mvua ilishanyesha juu ya nyayo zile. Hilaria alishazisugua kwa sabuni na mchanga. Zilikuwa mbichi vilevile.

Hilaria aliinamisha macho. Mkono wake ulikuwa umeshika kitasa cha mlango, na hakukumbuka kuupeleka pale. Akauvuta mkono. Haukuja. Akang'ata midomo. Alimtazama Eliasi kwa macho ya kuomba, kama mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ngoja, baba," alisema. "Nimesahau kitu ndani."

Eliasi alirudi Mwanza peke yake, baada ya kujaribu kila alichojua kujaribu. Begi la mama yake liko kwenye kile chumba walichomwandalia, kando ya kitanda. Wajukuu hawapendi kuingia humo. Wanasema linanuka alizeti, ingawa ndani yake mna khanga na rozari tu, na kwamba ukiliinua, sakafu chini yake ina uvuguvugu.