Nyumba ya Bururi

Kila siku Houda alirudi kutoka shuleni akiwa na njaa ya watu wawili, na kila siku alikula peke yake. Alifungua kufuli, akavua nguo zake za shule za kaki, akawasha mkaa na kupasha moto maharage ya jana. Kwao, kama kwa majirani wengi wa mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, chakula kilipakuliwa kwenye sinia moja na watu wote wakalizunguka. Lakini sinia kubwa likiwa na mlaji mmoja ni kama uwanja wa mpira wenye mchezaji mmoja. Unashambulia maharage upande huu, kisha unakimbia kuulinda upande ule, na ukifunga bao hakuna wa kukupigia makofi.

Houda alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Asiya, alikuwa muuguzi katika kituo cha afya huko Muramvya, mji wa milimani ambako watu huvaa sweta mpaka mchana. Alishuka Bujumbura kila Ijumaa. Baba yake, Massoudi, alikuwa fundi cherehani sokoni, na alirudi nyumbani baada ya sala ya isha. Houda alikuwa na rafiki mmoja, Elsa, aliyekuwa akija kucheza kila siku baada ya shule. Lakini wazazi wa Elsa walikuwa wamehamia Carama, mtaa wa mbali, na Elsa akabadilishiwa shule. Nyumba yao sasa ilikuwa stoo ya simenti. Houda alipita pale siku moja, akachungulia. Mifuko ya simenti haijui kuruka kamba.

Jioni, mama alipiga simu.

"Houda, mutoto wangu, uko na nani?"

"Niko na Elsa, mama. Tunaruka kamba."

"Mumekula?"

"Tumekula. Elsa amemaliza maharage yote. Yule ni mulafi!"

Houda akacheka kwa nguvu, na mama akacheka pia huko Muramvya.

Uongo huo ulianza siku moja mama aliposema kwa sauti iliyochoka, "Nikijua uko na mwenzako, ndiyo napata usingizi." Houda alitaka mama alale. Kwa hiyo akamleta Elsa ndani ya simu, na tangu siku hiyo Elsa hakutoka tena. Elsa wa kwenye simu aliugua homa, akapona, akapata alama nzuri zaidi za hesabu kuliko alizowahi kupata Elsa mwenyewe. Lakini simu ilipokatika, ua ulinyamaza. Houda alikaa mlangoni, akakumbatia magoti, akasikiliza watoto wa mtaa wa pili wakiitana majina. Hakuna aliyeita lake.

Alhamisi asubuhi, baba alikunywa chai akiwa amesimama, kama mtu mwenye neno gumu mdomoni.

"Houda, mama yako wanamupeleka Bururi."

"Bururi? Si ni mbali kuliko Muramvya?"

"Mbali sana. Hataweza kushuka kila Ijumaa. Labda mara moja kwa mwezi." Baba akaweka kikombe chini. "Kule wanampa nyumba ya vyumba vitatu, kama tunahamia wote. Kama apana, nyumba inakwenda kwa mwingine, na yeye atakaa chumba kimoja na muuguzi mwenzake. Jumatatu wanataka jibu."

Moyo wa Houda uliruka. "Na mama amesemaje?"

"Tumeongea sana. Mi kushona nashona popote, watu wa milimani hawatembei uchi. Tulichofikiria ni wewe. Hapa uko na shule yako, uko na Elsa. Kule hujui mutu. Mama yako amesema, 'Mutoto ana furaha, tusimuvunje moyo.' Kwa hiyo atakwenda peke yake."

Houda alifungua mdomo. Angeweza kusema. Lakini angeanzia wapi? Angeeleza vipi ile homa ya Elsa, na zile alama za hesabu?

"Au unasemaje?" baba akauliza.

"Bien, papa," akasema. "Sawa tu."

Siku hiyo darasani mwalimu alimwita mara mbili ndipo akasikia.

Ijumaa mchana, mama alifika na begi mgongoni na mfuko mkononi. Baba alikuwa bado msikitini. Mama alimkumbatia Houda, akamnusa kichwani kama alivyozoea, kisha akaweka mfuko mezani. Ulikuwa umejaa matunda, marakuja yaliyoiva.

"Haya si yetu," mama akasema. "Nimemuletea Elsa. Nataka kumshukuru kwa macho yangu. Mutoto wa watu anamutunza wangu wiki nzima! Nenda kamwite."

"Sasa hivi?"

"Apana, mwaka kesho! Nenda, we."

Houda akatoka. Alizunguka mtaa wa kwanza, akazunguka wa pili. Mzee Shaabani, mwenye duka la kona, akamwona akipita tena.

"We Houda, unazunguka kama pikipiki iliyokatika breki! Unatafuta nini?"

"Sita... sitafuti kitu, mzee."

"Basi umeshakipata, rudi nyumbani."

Alirudi polepole. Mama alikuwa mlangoni.

"Elsa yuko wapi?"

Houda alitafuta jibu haraka. Mtaani wanaume walikuwa wanarudi kwa makundi, na Ijumaa mchana, jibu la 'yuko wapi' katika nyumba yao lilikuwa moja tu.

"Amekwenda msikitini, mama. Sala ya Ijumaa."

Mama alimtazama. "Elsa? Elsa yule anayeimba kwaya kanisani?"

Machozi ya Houda yakashuka yote kwa pamoja.

Baba aliingia akiwa na kanzu yake, akasimama. "Subhanallah! Nani amekufa?"

"Hakuna," mama akasema. "Elsa amesilimu, na sisi hatukualikwa."

Kisha akamvuta Houda, akamkalisha kando yake. "Sasa sema. Elsa yuko wapi?"

Houda akasema yote. Alisema juu ya Carama, stoo ya simenti, sinia, na jioni zile. Alilia akisema, na hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, baba alikuwa anatazama sakafu.

"Na mimi kila usiku nakuuliza umeshindaje," akasema polepole. "Unaniambia 'bien', na mi nalala."

"Nilitaka mama apate usingizi," Houda akasema.

Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Sauti yake haikuwa ya hasira, lakini haikuwa laini pia. "Nilikuwa natoa jibu Jumatatu. Ningekuacha hapa peke yako, na mi ningekuwa peke yangu kule, kila mutu akimuonea mwenzake huruma. Haya, nijibu kweli. Unataka Bururi?"

"Ndiyo, mama. Nitakuwa bie..." Houda akaona kidole cha mama kimeinuka. Akavuta pumzi. "Naogopa. Kule ni baridi. Watoto wa kule wanasema Kirundi, watacheka Kiswahili changu, na labda sitapata rafiki. Lakini hapa naumia zaidi. Nataka tukae wote."

Mama akamtazama baba. Baba akatikisa kichwa kukubali. Palepale mama akachukua simu, akampigia mkubwa wake wa kazi.

"Ni Asiya. Ile nyumba ya Bururi, musiitoe kwa mwingine. Tunakuja watatu."

Alipoweka simu, alimshika Houda mikono yote miwili.

"Sikia, mutoto wangu. Wako wagonjwa wanaokuja kwangu wakisema hawajambo, eti wanaona nimechoka. Huruma yao ni nzuri, lakini wanarudi nyumbani na ugonjwa uleule. Uongo wako ulikuwa na huruma, lakini ni uongo, na ulikaribia kutukosesha nyumba. Bururi nako kuna siku utakuwa mupweke. Siku hiyo usinifiche. Panapouma, sema panauma. Kutafuta dawa ni kazi yetu sisi wakubwa."