Kurasa Zilizoshikana

Jumamosi saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya waumini wasiopungua tisini, Pasta Jonah alikata uzi wa gunia, akafungua katoni iliyokuwa ndani na kutoa kipande cha tofali.

Alikiweka mezani juu ya kitambaa cheupe. Akaingiza mkono tena, kikatoka kingine. Katoni nzima ilikuwa vipande vya matofali, na magazeti yamesokomezwa katikati ili visigongane. Vitabu mia moja vya Kavindu havikuwamo.

Kavindu alikuwa amekaa mbele, na gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Yeye ni fundi wa nguo hapa Tawa, na riwaya hiyo aliiandika kwa mkono miaka minne, kati ya mteja mmoja na mwingine. Vitabu vilipofika alikataa kuvifungua. Alisema kitabu cha kwanza ni malimbuko kama mahindi ya kwanza ya shamba: kinaletwa kanisani, kinaombewa, ndipo mwenyewe anakigusa. Kwa hiyo gunia lilikaa stoo ya kanisa bila kufunguliwa. Sasa alitazama matofali, kisha akatazama sakafu. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Musembi, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alikisikia kicheko hicho akajua kilikotoka. Kilitoka kwenye maneno aliyoyaandika yeye.

Musembi ana kinu cha kusaga mahindi. Aliacha shule darasa la saba, lakini anasoma, na ana blogu ambayo watu wa Makueni na Kitui wanaifuata. Kila Jumanne ya mwisho wa mwezi anahakiki riwaya tano: moja ya mapenzi, moja ya upelelezi, moja ya kihistoria, moja ya mizimu, na moja ya mwandishi wa huku nyumbani. Mwezi huo ya nyumbani ilikuwa ya Kavindu. Mchapishaji alikuwa amemtumia nakala moja mapema, ndani ya bahasha iliyofungwa. Jumanne ile Musembi aliandika kwamba amekisoma hadi nukta ya mwisho, kwamba ni habari ya mwanamke anayewatoroka mume na mtoto na asirudi wala asijute, na kwamba mama huyu aache kalamu arudi kwenye cherehani. Akamalizia kwamba kitabu kinafaa kuwashia moto. Watu walicheka siku nne. Hata hivyo Kavindu hakufuta mwaliko aliokuwa amempa Musembi wa kuja kusema machache.

Kufikia saa sita mchana polisi walikuwa wamemkamata Nuradin sokoni hapa Tawa. Huyu ni mfanyabiashara wa mbuzi anayeishi Makindu, na ndiye aliyeleta gunia kwa pikapu yake Alhamisi. Hakuna aliyemwona akiiba chochote. Ilitosha kwamba yeye ndiye aliyelibeba, na kwamba si mtu wa hapa. Wengine walisema juu ya Wasomali maneno ambayo mtu aliyetoka kuomba hapaswi kuyasema. Sajini Syombua alisema atapelekwa mahakamani Jumatatu asubuhi.

Musembi alimkuta kituoni, kwenye benchi, bila mshipi wala viatu. Wanajuana miaka sita. Nuradin humletea vitabu vya mitumba kutoka Makindu, na wao wawili hubishana juu yake kando ya kinu.

"Ismahan niliyekuja naye ameleta chakula akarudishwa getini," Nuradin alisema. "Mke wangu, Musembi. Ananihesabia saa huko nje. Wewe kila mwezi unatuambia mwandishi wa upelelezi amekosea wapi. Haya, soma na hii."

Musembi alimwuliza saa. Nuradin alisema alishusha gunia stoo Alhamisi saa kumi jioni, Pasta Jonah akafunga mlango mbele yake, naye saa moja usiku alikuwa Makindu. Ijumaa nzima alikuwa sokoni huko na mbuzi, mbele ya watu wengi.

Musembi aliandika kila kitu kwenye daftari lake. Ni mazoea yake, huandika hata mambo asiyoyaelewa.

Saa nane alirudi kanisani kuangalia matofali. Kanisa linajenga ukumbi, na waumini wanajichomea matofali wenyewe uwanjani. Kuna matanuru mawili. Vipande vya kwenye katoni vilikuwa vyekundu, vimeiva vizuri. Alimwuliza Pasta Jonah tanuru la kwanza lilibomolewa lini.

"Ijumaa asubuhi, saa tatu," Pasta alisema. "Lilikuwa limezibwa kwa udongo wiki nzima, lipoe."

"Kabla ya hapo, kulikuwa na tofali lolote lililoiva hapa uwanjani?"

Pasta alifikiri. Akasema hapana, yalikuwa mabichi tu.

Basi matofali ya kwenye katoni hayakuwako Alhamisi. Aliyeyaweka aliyaweka Ijumaa, baada ya saa tatu, Nuradin akiwa Makindu. Musembi alimpigia Sajini Syombua simu. Sajini alisema hiyo ni hoja nzuri, lakini tofali jekundu linapatikana popote barabarani. Alete mtu, si tofali.

Funguo za stoo ni tatu. Moja ni ya Pasta Jonah, aliyekuwa Wote kwenye mkutano Ijumaa yote. Ya pili ni ya Mutisya, katibu wa kanisa. Huyu alikuwa amesema wazi kwamba riwaya ni uongo uliopambwa, na kwamba akiachiwa angezitupa chooni. Musembi alimwendea akiwa na hakika kabisa. Mutisya alimwacha amalize, kisha akamwonyesha karatasi ya ratiba ya mazishi. Ijumaa alikuwa Migwani kumzika shangazi yake, na jina lake lilikuwa limechapwa kama mwongozaji wa ibada, saa nne hadi saa tisa. Alisema pia kwamba yeye akitaka kutupa kitu hukitupa mchana, na husema.

Ufunguo wa tatu ni wa Mzee Kivuva, mwenyekiti wa ujenzi. Kivuva ni mume wa Kavindu.

Musembi aliwakuta nyumbani kwao saa kumi na moja jioni. Alijisikia vibaya hata kubisha hodi. Kivuva alimkaribisha kwa adabu, akamweleza kwamba Ijumaa ndiyo walianza kuwasha tanuru la pili, saa nane mchana. Wengine walikwenda kula, yeye akabaki kuchochea. Hakuona mgeni yeyote. Halafu akasema kwa uchungu, akitazama mlango wa jikoni:

"Pengine Mungu ameepusha jambo. Huyo mchapishaji naye ni tapeli. Kurasa zimeshikana juu kama bahasha, mtu anunue kitabu halafu aanze kutafuta kisu."

Musembi aliandika maneno hayo kama alivyoandika mengine. Hakuyaelewa.

Kavindu alimsindikiza hadi nje. Hakumlaumu kwa lolote, na hilo ndilo lililomchoma.

"Ndugu Musembi, nikuulize kitu kimoja," alisema. "Sura ya tano imo?"

"Imo."

"Niliposoma ulivyoandika nilidhani wameiruka."

"Imo, mama," Musembi akarudia, akaondoka haraka.

Nyumbani alikitoa kitabu kwenye rafu. Kipande cha karatasi alichoweka kama alama kilikuwa bado ukurasa wa hamsini na nane. Hapo ndipo alipoachia, usiku ule wa Jumatatu, akiwa bado na riwaya mbili za kumaliza na uhakiki wote wa kuandika. Alijiambia mwisho anaujua. Amesoma hadithi nyingi za namna hiyo.

Sasa alifunua mbele. Kutoka ukurasa wa sitini na tano hadi wa themanini kitabu hakikufunguka. Karatasi ilikuwa imekunjwa na mashine ya kukatia haikuifikia, kwa hiyo kurasa zilikuwa zimeungana kwa juu, kama bahasha. Sura ya tano yote ilikuwa humo ndani, imefungwa.

Musembi alikaa chini.

Mtu aliyejua kwamba kurasa zimeshikana alikuwa amekishika kitabu mkononi. Kavindu hakuwa amekigusa hata kimoja. Nakala pekee iliyokuwa nje ya gunia ni hii, na haikutoka nyumbani mwake. Kivuva alikuwa amefungua gunia.

Alichukua kisu cha jikoni. Akikata sasa, akasoma usiku huo, atakwenda kwa Sajini na kusema: nilizikuta zimeshikana, nikazikata, nikasoma. Hakuna atakayejua. Aliingiza ncha ya kisu kati ya kurasa, akabaki ameishika hapo. Zile nyingine zote hazipo tena. Hii ndiyo pekee inayoweza kuonyesha jinsi vitabu vilivyotoka kwa mchapishaji. Ikikatwa litabaki neno lake dhidi ya neno la mzee wa kanisa, na Jumatatu Nuradin atapanda gari la polisi. Na isipokatwa, kila mtu ataona kwamba Musembi wa vitabu hasomi.

Alikirudisha kisu jikoni. Si kwa ushujaa. Alikaa muda mrefu akitafuta njia ya tatu, akaikosa.

Jumapili saa saba mchana, baada ya ibada, walikutana chumba cha wazee nyuma ya kanisa: Pasta Jonah, Kavindu na mumewe, Sajini Syombua, na Nuradin ambaye Sajini alikuja naye kwa ombi la Musembi. Waumini walikuwa wamebaki uwanjani wakijifanya wanasubiri kivuli.

Musembi alieleza habari ya matofali na tanuru. Kisha akasoma kutoka kwenye daftari maneno ya Kivuva, neno kwa neno.

"Mzee," akasema, "ulijuaje kwamba kurasa zimeshikana?"

"Mke wangu aliniambia."

Kavindu aligeuza kichwa polepole. "Mimi? Mimi sijakiona kitabu changu mpaka leo."

"Basi nilisoma kwa huyu. Kwenye hiyo blogu yake."

"Sikuandika," Musembi alisema. "Nisingeweza kuandika. Sikujua."

Alikiweka kitabu mezani. Sajini Syombua alikichukua, akajaribu kukifungua katikati, akashindwa. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha akachungulia kurasa zilizoungana. Kisha akamtazama Musembi muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kazi ya polisi.

"Wewe si ndiye uliyesema umekisoma hadi nukta ya mwisho?"

"Ndimi. Niliishia ukurasa wa hamsini na nane."

Nuradin alikohoa.

"Na kile cha mizimu ulichokisifu mwezi jana?" akauliza. "Nilichokibeba toka Makindu?"

"Nusu."

"Nusu," Nuradin akarudia, kana kwamba anapima mbuzi.

Kivuva hakungoja kuulizwa tena. Alivua kofia. Alisema Jumatano alikuwa foleni ya kinu na ndoo ya mahindi, vijana wakasoma maneno ya Musembi kwa sauti mbele yake, hawajui yeye ni nani. Mwanamke aliyewatoroka mume na mtoto. Watu wazima wa Tawa wanakumbuka kwamba mwaka ambao binti yao alikuwa na miaka miwili, Kavindu aliondoka akakaa Mombasa miezi minane. Yeye Kivuva hakuwahi kumwuliza sababu, wala hakuwahi kumwambia mtu. Na sasa mkewe ameyaandika, hata majuto hayamo, na Jumamosi yatauzwa kanisani.

"Nilifungua gunia Ijumaa nisome mwenyewe," alisema. "Nikajaribu hapo katikati, hapafunguki. Nikakata tamaa. Wengine walikuwa wamekwenda kula. Nikavitia kwenye tanuru vyote. Wewe ndiye uliyesema vinafaa kuwashia moto, Musembi. Nikashona gunia na matofali ndani. Nilidhani watasema ni kosa la mchapishaji."

"Na walipomchukua huyu?" Sajini akauliza, akimwonyesha Nuradin.

Kivuva alijaribu kumtazama Nuradin, macho yakaanguka. "Nilinyamaza."

Sajini alitoka na Pasta, wakachokoa mdomo wa tanuru la pili kwa jembe. Ndani ya majivu walikuta kona ya jalada la kijani, ndogo kama kiganja cha mtoto. Saa nane kasorobo Sajini alimrudishia Nuradin ufunguo wa gari. Nuradin aliuchukua, hakusema asante wala hakulalamika. Alisema tu kwamba Ismahan anamngoja. Alipopita uwanjani waumini walimpisha njia, wote wakitazama miguu yao.

Sajini alimwambia Kivuva atamchukua baada ya kuandika maelezo, na akaketi kuyaandika hapo hapo. Musembi alisimama ili aondoke. Alisema kesho ataandika ukweli wote kwenye blogu, jina lake juu.

"Kaa," Kavindu akasema.

Alifungua mkoba wake, akatoa mkasi wa kazi, ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Alikivuta kitabu chake, akakishika kwa mara ya kwanza, na hakikuwa kimeombewa. Alikata kurasa kwa juu, moja moja, bila haraka, na kila mkasi ulipofunga, Kivuva alishtuka kidogo. Alipomaliza alipangusa vumbi la karatasi kwa kiganja, akakisukuma mbele ya Musembi.

"Sitini na tano. Kwa sauti, na huyu asikie."

Musembi alisoma. Sauti yake haikuwa nzuri. Mwanamke alirudi jioni, akamkuta mume wake uani akimwogesha mtoto kwenye karai. Mume hakumwuliza ametoka wapi. Alimwambia maji bado yana moto, asogee anawe uso, njia ina vumbi. Mwanamke alisimama pale na mzigo wake, na kwa miaka yote iliyofuata alitafuta namna ya kumshukuru mtu huyo, asiipate.

Kivuva alikuwa ameweka kofia usoni. Kalamu ya Sajini ilikuwa imesimama. Musembi alishindwa kuendelea, akaweka kidole kwenye mstari ili asipotee.

"Endelea," Kavindu akasema. "Watu uliwaambia ulifika mwisho."