Mkono Kwenye Duara la Ghanzi

Jumamosi jua likizama nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jukwaa, nashona makalio ya suruali ya mpiga ngoma mmoja mnene kutoka Maun. Suruali ya ngozi, imepasuka kuanzia mkanda hadi kwenye paja, na bendi yake ndiyo iliyokuwa ipande baada ya ile iliyokuwa ikipiga. Mwenyewe alikataa kuivua kwa sababu ndani hakuvaa kitu.

"Dada Shoka, taratibu na hiyo sindano."

"Tulia basi. Ungekula nusu ya unavyokula nisingekuwa hapa."

Shoka ni jina langu la uwanjani. Kwetu Botswana mtu wa roki asiye na jina la namna hiyo hatambuliki. Nyumbani naitwa Keneilwe, na kazi yangu ni kushona nguo za ngozi. Nusu ya majaketi yaliyokuwa uwanjani pale, kwenye tamasha letu la kila mwaka nje kidogo ya Ghanzi, yametoka kwenye cherehani yangu. Watu wale walikuwa watu wangu, ingawa nilikuwa na miaka miwili sijakanyaga mchanga ule.

Nilirudi kwa sababu ya Sethunya, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka sita, sina mtoto mwingine, na alipofika kumi na tisa alinisumbua nimlete hadi nikachoka. Njiani nilimfundisha sheria za duara. Duara ni pale mbele ya jukwaa, watu wanapokimbia wakizunguka na kupigana vikumbo huku magitaa yakinguruma. Asiyejua anadhani ni vita. Si vita. Mnakimbia upande mmoja, hupigi mtu ngumi, na mtu akianguka, aliye nyuma yake anamwinua hapo hapo. Hata kama hampatani.

"Na asipoinuliwa?" Sethunya aliuliza.

"Anainuliwa," nikamjibu, nikaongeza sauti ya redio.

Ijumaa tulipiga hema jirani na Mwalimu Gorata kutoka Serowe. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, anafundisha darasa la kwanza, na wikendi anavaa minyororo na kofia pana kama sisi wote. Alituletea maandazi ya moto na kumwita Sethunya mjukuu. Usiku wa kwanza ulipita vizuri. Tulicheka sana, na mimi nilianza kuamini kwamba yaliyopita yamepita.

Sasa, Jumamosi hiyo, nilikuwa nakata uzi nilipomwona Mzee Kutu. Kutu yuko kwenye roki tangu mimi sijavunja ungo. Salamu yake ndiyo salamu yetu: anakushika mkono na kukuvuta kwa nguvu hadi bega liume. Jioni ile hakunisalimia. Alichuchumaa karibu yangu, akanong'ona.

"Binti yako yuko wapi?"

"Kwenye duara."

"Kamtoe mtoto."

"Kuna nini?"

"Radi yupo chini."

Nilijichoma kidole.

Radi alikuwa amekufa miaka mitatu kabla ya hapo, kwenye duara hilo hilo. Alianguka, vumbi lilikuwa jingi, akakanyagwa wimbo mzima. Ndivyo tulivyowaambia polisi.

"Radi tulimzika," nikasema.

"Najua. Jeneza nililibeba mimi." Kutu alitazama nyuma yake kwanza. "Mwaka juzi tulimwona. Mwaka jana pia. Jua likizama... anakuwa chini pale, ameinua mkono. Sisi wakongwe tunamruka. Wimbo ukiisha hayupo. Lakini mgeni asiyejua atamshika mkono, Shoka. Si ndivyo tunavyowafundisha?"

Nilimwacha mpiga ngoma na sindano ikining'inia kwenye makalio.

Vumbi lilikuwa limepanda hadi kwenye taa. Watu walikuwa wanapita mbele yangu vipande vipande, bega, kofia, mnyororo. Nikaita jina la Sethunya, lakini spika zilikuwa zinameza kila kitu. Kisha harufu ikanifikia. Mimi naijua. Ni ya ngozi mbichi iliyosahaulika kwenye maji wiki nzima, ile inayokaa kooni hata ukitema mate.

Watu walikuwa wanakimbia, na mahali fulani wanaruka. Hawaangalii chini. Wanaruka tu, kama wamezoea.

Kwenye vumbi kulikuwa na mkono.

Umeinuka. Vidole vimefunguka.

Na Sethunya wangu alikuwa amesimama, ameinama, anaunyoosha wake.

"Usimshike!"

Akamshika.

Radi aliinuka kwa urahisi, kama mtu anayetoka kitini. Upande mmoja wa uso ulikuwa bapa. Aliushika mkono wa Sethunya, akamvuta mara moja kwa nguvu, ile salamu yetu, na Sethunya akaenda chini. Kisha Radi akatoka kwenye duara akitembea polepole. Alinipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Hakuniangalia. Natamani angeniangalia, hata kwa chuki.

Nilimfikia mtoto wangu nikamshika kiunoni. Hainuki. Wakaja wanaume wawili, wakaja wanne, wanasukuma migongo ya watu ili wasitukanyage. Sita walimvuta mabega na miguu, wote watu wa kubeba ng'ombe, na msichana wa kilo hamsini hakusogea hata kidogo. Bendi haikuona kitu. Ilipiga wimbo wake hadi mwisho.

Muziki ulipokoma, alinyanyuka mikononi mwangu mwepesi kabisa.

Tulimpeleka kwenye hema la huduma ya kwanza. Macho wazi, hasemi, hapepesi. Mkono wake wa kulia umeinuka juu. Nesi aliushusha akaulaza kwenye blanketi, akageuka kuandika. Mkono ukapanda tena... polepole... hadi ulipokuwa. Nesi aliushusha mara tatu, kisha akaacha, na hakutaka tena kukaa upande ule wa kitanda.

Sikulala. Jumapili asubuhi nesi alisema anapumua mara kumi kwa dakika. Mchana akasema mara saba. Gari la hospitali lilikuwa limekwama mchangani mahali fulani, wanasema linakuja, linakuja, na nesi alikataa abebwe kwenye gari la kawaida lisilo na mtungi wa oksijeni. Mwalimu Gorata alikuja na chai, akaketi na sisi, akamchana Sethunya nywele bila haraka.

"Ataamka tu mjukuu wangu," alisema. "Na wewe kula kitu, mama. Ukianguka na wewe nani atamwangalia?"

Alipoondoka, Kutu akaingia. Alivua kofia.

"Baada ya mazishi mama yake Radi alikuja uwanjani," alinong'ona. "Peke yake. Nilikuwa nafungua vyuma vya jukwaa. Alichota mchanga pale alipolala mwanawe, akalizunguka duara kinyumenyume akiumwaga, huku anaongea."

"Anasema nini?"

"Sikusogea kusikia. Wewe ungesogea?"

Niliutazama mkono wa Sethunya. "Atatokaje?"

"Radi ametoka vipi? Ameshikwa mkono akainuliwa, si kiunoni kama mlivyomshika huyu jana. Kwenye duara, watu wakikimbia, muziki ukipigwa. Na aliyemwinua akabaki." Alipangusa kofia yake bila sababu. "Bendi ya mwisho inamaliza jua likizama. Baada ya hapo ni mwakani. Huyu mwakani hafiki."

"Sasa nani atamwinua?"

Kutu alivaa kofia yake. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo sikuitegemea.

"Radi alipoanguka, nani alikuwa nyuma yake?"

Nitasema. Nimechoka kuficha. Nilikuwa mimi.

Wiki ile Radi alikuwa amenirudishia suruali mbele ya watu, akasema nashona kama mtu anayefunga gunia la chakula cha ng'ombe. Watu walicheka. Mimi nilicheka nao. Kesho yake jioni akaanguka hatua mbili mbele yangu, akageuza uso, akanitambua, akainua mkono. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu kwenye duara mtu haogopi. Nilimruka. Nikazunguka, nikamkuta tena, na mkono bado uko juu. Nikamruka tena. Nilitaka akae chini kidogo tu, apate adabu. Nilijua mtu mwingine atamwinua.

"Nitamwinua mimi," nilimwambia Kutu.

Na nilimaanisha. Naomba mniamini kwenye hili hata kama hamtaniamini kwenye mengine. Nilimbusu Sethunya kwenye paji la uso, likiwa baridi. Nilimwonyesha Kutu zilipo funguo za gari na namba ya binamu yangu aliyeko Lobatse. Nesi alipotoka kwenda kuulizia gari, tulimzungushia mtoto blanketi tukambeba.

Bendi ya mwisho ilikuwa inaanza wimbo wa mwisho. Jua limegusa miti ya miiba upande wa pili wa uwanja. Tulimlaza mchangani katikati ya njia ya wakimbiaji, na hapo hapo akawa mzito. Nilihisi ardhi ikimpokea kutoka mikononi mwangu. Kutu alirudi nyuma, akafumba macho.

Nikaanza kukimbia na wenzangu, nao walikuwa wanamruka bila kuangalia chini, kama walivyozoea kwa Radi.

Mzunguko wa kwanza nilimfikia. Mkono wake upo pale, mdogo, na kucha alizozipaka rangi nyeusi Ijumaa kwenye hema. Nikainama... vidole vyangu vikawa karibu na vyake. Ile harufu ikanijaa puani. Niliona mchanga chini yake umebonyea kwa umbo la mtu mkubwa kuliko yeye.

Nikamruka.

Nikasema, mzunguko unaofuata. Nilikuwa nalia, sikuona vizuri. Mzunguko wa pili nilifika, miguu ikaruka yenyewe. Nikajitukana kwa matusi yote ninayoyajua. Nikasema wa tatu, wa tatu ndiyo, wa tatu siachi. Gitaa likapanda. Wimbo unakaribia kwisha, nilijua kwa sababu naupenda wimbo ule.

Nikamruka mara ya tatu.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mtu anayehema.

"Jamani, mtoto yuko chini."

Mwalimu Gorata. Kofia imeanguka, nywele za mvi zimejaa vumbi. Alikuwa ameshaanza kuinama. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kupiga kelele, na jana yake kwa Sethunya nilipiga.

Nilifunga mdomo.

"Njoo, mjukuu," alisema, akamshika.

Sethunya aliinuka kama mtu anayetoka kitini. Mkono wake ukavuta. Sijui kama alivuta yeye au kilichovuta ni kitu kingine kilichomo ndani yake. Mwalimu Gorata akaenda chini bila sauti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa kidogo, si zaidi. Wimbo ukakatika. Watu wakashangilia, mikono yote juu.

Gari la hospitali lilifika dakika kumi baadaye. Likambeba Mwalimu.

Alizikwa Serowe Jumamosi iliyofuata. Watu wa roki walitoka pande zote, na nguo zao nyingi nilizishona mimi. Watoto wa darasa la kwanza waliimba, wengine wakachekacheka kwa sababu hawakuelewa. Walisema ni moyo. Umri wake na kukimbia kule, walisema. Kutu alisimama ng'ambo ya kaburi na hakunipa mkono, na tangu siku hiyo hajanipa.

Sethunya alipona. Anakula, anafanya kazi dukani, anapumua kama mimi na wewe. Kwa miezi mingi hakuuliza chochote, nami nilimshukuru Mungu kila usiku kwa kutoulizwa. Nilidhani hakumbuki. Kisha wiki iliyopita, tukiwa mezani tunakula nyama ya kupondwa na ugali, alisema bila kuinua macho:

"Ukiwa kule chini unasikia kila kitu, mama mdogo. Na unaona. Huwezi tu kusogea."

Kijiko changu kikabaki hewani.

"Viatu vyako navijua. Ile mishono ya pembeni. Vilipita mara tatu."

"Sethunya..."

"Kula, kinapoa."

Tukala. Nilitaka kupiga magoti pale sakafuni, lakini niliogopa kwamba atanitazama tu. Akaosha vyombo, akavipanga, akafuta meza. Kisha akasema tamasha ni mwisho wa mwezi, na Mwalimu yuko chini kule peke yake, na anataka nimshonee jaketi jipya. Langu pia lishonwe, kwa sababu tunakwenda wote wawili.

"Wewe utakimbia mbele," alisema. "Mimi nyuma yako."

Nilimuuliza kitu ambacho mama hapaswi kumuuliza mtoto aliyemlea.

"Na mimi nikianguka?"

Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayetaka kusema kweli.

"Sijui, mama mdogo," akasema. "Nitaona nikifika hapo."

Majaketi yote mawili nimeshayamaliza. Tunaondoka Ijumaa asubuhi.