Kabati Lililopita Mlango Mdogo

Kabati lililochosha wanaume sita kulibeba lilikuwa limeyeyuka. Pale lilipokuwa limesimama jana palibaki madoa manne safi kwenye vumbi la sakafu, na kadi imelala kifudifudi. Inspekta aliigeuza kwa ncha ya kalamu.

NAMBA MOJA. KABATI LA NAKSHI. UMRI: ZAIDI YA MIAKA MIA MBILI.

"Mnada ni saa ngapi, mama?"

"Saa nne, afande. Wanunuzi wameshaanza kuingia. Wapo waliosafiri siku mbili kwa ajili ya kabati hilo tu."

Mwenye ukumbi hakulia. Alikuwa mama wa miaka sitini, kifua mbele, sauti ya kufika barabara ya pili bila kipaza sauti. Mji mzima ulimwita Mama Nyundo. Lakini mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua kitambaa cha mkononi.

"Nikipanda jukwaani bila namba moja, watasema nimeliuza kwa mlango wa nyuma," alisema. "Miaka thelathini nimelijenga jina hili. Litaanguka kabla ya adhuhuri."

Inspekta alitoa futi mfukoni. Wenzake kituoni walimwita Kipimo, maana wengine hawatoki bila bastola, yeye hatoki bila futi ya fundi nguo.

"Nani ana ufunguo wa ghala?"

"Mimi na fundi wangu wa ukarabati. Basi."

"Unamwamini?"

"Kuliko watoto wangu wa kuzaa. Na wao nimewaambia."

Sajini, dada mwepesi wa miguu na wa maneno, alirudi kutoka kukagua eneo la tukio. "Afande, kufuli halina mkwaruzo. Dirisha lina nondo. Mlango mkubwa lilikoingilia una mnyororo, na lakiri ya juzi haijaguswa. Labda limepaa."

"Andika hivyohivyo. Mkuu atakupandisha cheo."

Alipima mlango mdogo wa kuelekea uani. Akapima umbali kati ya yale madoa manne. Akarudi mlangoni akapima tena, si kwa sababu alikosea, bali kwa sababu futi ilimpa nafasi ya kufikiri.

"Halikupita hapa," sajini alisema.

"Halikupita likiwa kabati."

Mama Nyundo akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Kabati la umri ule mbao zake zimeng'ang'aniana kama ndugu kwenye urithi. Ukilibomoa, mtaa mzima utaamka."

Kipimo alipiga tochi sakafuni, kona kwa kona. Hapakuwa na kibanzi hata kimoja, wala chembe ya unga wa mbao.

"Hakulibomoa mtu," alisema taratibu. "Lilivuliwa, kama mtu anavyovua shati lake mwenyewe, akijua kila kifungo kilipo."

Mlinzi wa lango aliletwa, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye.

"Ulilala?"

"Mimi silali, afande. Nafumba macho tu."

"Ukiwa umefumba, gari liliingia?"

"Lango halikufunguliwa tangu jioni mpaka hawa wanunuzi walipoanza kufika. Aliyepita ni fundi peke yake, alfajiri, kwa mguu, kwenye kilango cha pembeni. Siku za mnada huwa anawahi."

"Alitoka?"

"Atoke aende wapi? Yumo karakana."

Kama lango halikufunguliwa, basi kabati lilikuwa bado humuhumu ndani.

Karakana ilikuwa ng'ambo ya ua, imejaa harufu ya gundi na vanishi. Fundi alikuwa mwembamba, ndevu zimeanza mvi, anapiga msasa mguu wa kiti.

"Karibuni. Dada, kiti hicho usikalie, mguu wake mmoja bado mbichi."

"Fundi, umesikia kilichotokea?"

"Nimesikia."

"Hukuja kuangalia?"

"Kazi nyingi, afande."

"Kabati lote limepotea, na wewe hukuvuka hata ua?"

Msasa uliendelea, lakini pale ulipopita palikuwa pamelainika zamani. Kipimo aliegemea meza ya kazi. Ilikuwa pana, imetandikwa magazeti na kujazwa makopo ya rangi. Alipitisha kiganja chini yake, kama mtu asiye na haja. Kidole kikazama kwenye petali. Kikafuata shina, kikafika kwenye ua la pili.

"Meza nzuri hii. Umeipata lini?"

Msasa ukasimama.

"Leo," fundi alisema.

Sajini aliondoa makopo, wakaipindua mbao ya juu. Nakshi ikawatazama, imejaa maua. Mbao nyingine zilikuwa zimepangwa kama rafu ukutani, uso umegeuzwa nyuma. Kwenye ndimi za mbao, zile sehemu zinazojificha ndani ya maungio, palikuwa na namba za penseli. Sajini alizitazama, kisha akakitazama kiti kilichokuwa kikitengenezwa. Juu ya mguu wake paliandikwa saba yenye mkia mrefu, imekatwa kistari katikati.

"Afande, saba ni ileile. Aliyeunda kabati la miaka mia mbili yuko hapa, anapumua."

"Fundi," Kipimo alisema, "sikulazimishi kusema neno. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi."

"Andika, afande. Nimechoka nalo." Akakaa juu ya kigoda. "Nililichonga mimi. Nilikuwa kijana, najiona hakuna mkono duniani unaonishinda. Tajiri mmoja aliniletea michoro. Tuliliosha kwa chai, tukalifukiza moshi, likazeeka kwa wiki mbili. Bandia zetu zilipogunduliwa nilifungwa mimi, miaka mitano. Yeye hata kizimbani hakufika. Hili alikuwa amelificha."

"Ndiye aliyelileta mnadani?"

"Ndiye. Lilishushwa juzi, nikalitambua kabla halijavuliwa magunia. Nikamfuata. Akacheka. Akasema nikifungua mdomo, atasema mimi na mama tuko pamoja tangu zamani. Mghushi kaajiriwa kwenye nyumba ya mnada, nani asingeamini?"

"Ungemwambia mama mwenyewe."

"Angelitangaza, afande. Humjui. Angelitangaza, na tajiri angemzika." Akapangusa vumbi la msasa magotini. "Nilipotoka jela nilibisha hodi karakana kumi na moja, zote zikanifungia mlango. Ya kumi na mbili ilikuwa hii. Nikamwambia, mama, nimefungwa kwa kughushi. Akasema, 'Vizuri, basi unaijua bandia kuliko sisi. Ingia.' Akanipa ufunguo siku ileile. Siku ileile! Nimeushika miaka kumi na tisa. Kabati likiuzwa, mnunuzi akaligundua, mama amekwisha. Nikisema, amekwisha. Likiibwa, mwizi ni mimi peke yangu. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia asante."

"Mjinga wewe."

Mama Nyundo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

"Miaka kumi na tisa unakula kwangu, hujui mimi ni nani?"

"Mama, jina lako..."

"Jina langu ni la kutumia, si la kufungiwa stoo. Ungekwenda jela kwa ajili yangu, mwanangu, mimi ningelala vipi?" Akajifuta uso kwa kile kitambaa, akamgeukia Kipimo. "Tajiri huyo yuko ukumbini, safu ya mbele, miwani ya dhahabu. Afande, nipe dakika tano."

Saa nne kamili alipanda jukwaani. Polisi wawili walisimama nyuma ya safu ya mbele.

"Namba moja haiuzwi. Ni bandia. Aliyelichonga ni fundi wangu, alifungwa kwa kazi hiyo, na nilimwajiri nikijua. Leo alikuwa tayari kufungwa tena ili mimi nisiaibike. Aliyelileta huyo hapo amekaa. Anayetaka kuondoka, mlango uko wazi."

"Uongo mtupu!" Miwani ya dhahabu ilisimama.

"Karibu kituoni ukaueleze vizuri," Kipimo alisema, akamshika mkono.

Watu kama kumi waliondoka. Viti vilikwaruza sakafu, Mama Nyundo akavihesabu kwa macho bila kushuka.

Fundi alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono ameitanguliza mbele kungoja pingu. Sajini akamnong'oneza bosi wake, "Na huyu?"

"Mama, malalamiko yako ya wizi yanaendelea?"

"Wizi gani? Kabati halijavuka lango langu." Mama Nyundo akagonga meza. "Fundi! Nani ananiletea namba mbili?"

"Nenda," Kipimo alimwambia. "Kesho njoo kituoni uandike maelezo. Kama shahidi."

Fundi akashusha mikono. Akaondoka mbio, akarudi amebeba kioo kirefu cha fremu ya shaba, akakisimamisha jukwaani mbele ya watu wote ambao sasa walimjua.

Mzee mmoja mkusanyaji wa vitu vya kale, aliyesafiri siku mbili, akanyanyua fimbo yake.

"Fundi! Nakuuliza wewe, si mama. Hicho ni cha kweli?"

Fundi alipitisha kidole gumba nyuma ya fremu, bila haraka.

"Cha kweli, mzee."

Mikono ikapanda ukumbi mzima.