Lete Mkono

Kasuku alikuwa amebana vibanio vya nguo kwa midomo, mikono yote miwili imeshika shuka lililolowa maji, pale sauti ya marehemu mama yake iliposema, "Kola hiyo umeipiga pasi au umeibembeleza?"

Dada yake, aliyekuwa mezani na pasi yake, aliangua kicheko. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa gauni. Ndipo akageuka amwambie mdogo wake kwamba leo amepatia kweli kweli, akaona vibanio bado viko mdomoni mwake, na macho yamemtoka pima.

Kasuku akavitema. "Si mimi," akanong'ona. "Haki ya Mungu, dada, si mimi."

Sasa, ili mjue kwa nini mtu anasikia sauti ya maiti na kucheka, sharti niwaeleze yule mama alikuwa nani, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa dobi hodari. Shati alilolitia wanga lingeweza kusimama lenyewe bila mtu ndani. Mtaa mzima ulimsifu: mjane, mchapakazi, amelea wanawe peke yake. Ni kweli aliwalea. Hata kuku wa kuchinjwa hulelewa.

Mama yule hakuwa na tabia ya kumkimbiza mtoto wala kumkamata. Afadhali angekimbiza. Alikaa kwenye kiti chake, pasi mkononi, akasema kwa upole kabisa, "Lete mkono." Na mtoto aliupeleka mwenyewe, akaunyoosha mwenyewe, na ole wake akiurudisha. Kosa? Kifungo kilichopotea. Soksi isiyo na mwenzake. Kucheka wakati mama kanuna, na kununa wakati mama anacheka. Wale watoto wawili walikua na alama za ncha ya pasi viganjani, na walimu walipouliza walijibu kwamba wameungua wakipika, maana hivyo ndivyo walivyofundishwa kujibu.

Alipokufa wakarithi kazi yake: chumba cha pasi, ua wa kuanikia, na wateja waliozoea mashati magumu. Dada alikuwa na binti mdogo, na juu ya binti huyo aliapa kiapo kimoja tu, kwamba hatapigwa. Si fimbo, si kofi, si kufinywa. Alikitimiza, lakini kwa woga, kwa sababu siku nyingine mtoto akimwaga kitu, kiganja chake Dada kilianza kuwasha chenyewe. Aliuogopa mkono wake kuliko mtu anavyoogopa nyoka. Siri hiyo alimwambia Kasuku peke yake.

Na Kasuku alikuwa na dawa yake. Hakuitwa Kasuku bure. Alijifunga shuka kiunoni, akaburuta mguu kama mama alivyouburuta, akakunja uso na kumtoa marehemu mzima mzima, kuanzia kikohozi mpaka matusi. "Nyie mbwa wawili, nani kala wanga wangu?" Walicheka mpaka mbavu zikauma. Mtoto naye alicheka, akasema tena mjomba, tena! Kwake yeye bibi alikuwa mchezo wa mjomba tu. Kila siku, kazi ikiwachosha, mama alifufuliwa kidogo akachekwa. Na kwa nini wasicheke? Walinyimwa kulia, mlitaka wanyimwe na kucheka?

Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, ingawa siku ile ya vibanio hawakulijua.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuja moja moja, na yalikuja mchana kweupe. Harufu ya dawa ya kuchua magoti, aliyojipaka mama kila asubuhi, ikakutwa ndani ya mashati yaliyotoka kufuliwa. Pasi ikapatikana ya moto ilhali waya umechomolewa. Wakiwa uani, walisikia ndala zinaburutwa chumbani, mguu mmoja unasita, mwingine unavutwa, halafu kiti kinalia kama kilivyolia alipokikalia. Wakiingia, hakuna mtu. Kiti kina joto.

"Tuache kumwigiza," Dada alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeacha tangu juzi," Kasuku akajibu, na jasho linamtiririka. "Dada, nikifunga mdomo nasikia ulimi wangu unacheza ndani."

Mama yao mdogo akaja, mdogo wake marehemu, aliyeishi nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Hakuuliza habari. Alinusa, akaweka mikono kiunoni.

"Dada yangu huyo. Kakasirika. Mnamcheka kaburini! Mwombeni radhi, yaishe. Mama ni mama."

"Mama mdogo," Dada akasema, na adabu ilikuwa inamwishia, "tulipokuwa tunapiga kelele humu ndani, ulikuwa unasikia?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Ulikuwa unaongeza redio. Tulikuwa tunaisikia ikipanda. Kadiri tulivyolia, ndivyo taarabu yako ilivyopanda."

"Sasa ningefanya nini? Mtu na wanawe! Na mbona mmekua, mna afya, mna kazi? Si fimbo zake hizo?"

Hebu niambieni, huyu mtu unamjibuje? Dada alimfungulia mlango atoke, akarudi kwenye meza yake na hasira iliyokosa pa kwenda.

Siku iliyofuata mtoto alirudi kutoka shule, ana njaa, ana hadithi za shule, na anataka kusaidia. Akabeba beseni la maji ya buluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Akajikwaa kwenye waya wa pasi, na buluu yote ikamwagikia makoti meupe ya zahanati, yaliyokuwa yamekwisha kunjwa, yanamsubiri mwenyewe.

Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba kizima.

"Lete mkono," ilisema sauti.

Safari hii ilitoka mdomoni mwa Kasuku. Midomo yake ilicheza, koo lake lilipanda na kushuka, lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayezama, na mtoto, ambaye hakuyatazama macho, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuungua wala kuchapwa na aliyejua kwamba mjomba akisema hivi ndipo kicheko kinapoanza, akacheka, akasema "Mjomba naye!", akaja mbio mezani akaunyoosha mkono wake mdogo, kiganja juu, vidole vimelowa buluu, na Dada akaona pasi imo mkononi mwake yeye mwenyewe na hakukumbuka kuishika, akahisi bega lake linashuka na hakuwa analishusha, akahisi kile kiwasho cha miaka yote kimegeuka kuwa utamu, ndiyo, utamu, kama mtu anayejikuna, na sauti ikamwambia kwa upole ule ule, "Mfunze, mwanangu, kama nilivyokufunza," na pasi ikashuka, ikashuka, mpaka mtoto akahisi joto na kicheko kikaanza kumkauka.

Kasuku aliingiza kiganja chake katikati.

Nyama ililia. Machozi yalimbubujika Kasuku, mwili mzima ukamtetema, na mdomo wake, katikati ya maumivu yake mwenyewe, ukasema kwa sauti ya mama, "Vizuri. Usiurudishe."

Dada alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Hakuna redio iliyoufunika.

Mganga aliyekuja jioni ile alikuwa mwanamke mnene, amevaa raba, mkali hasa. Alimtazama mtoto aliyejikunyata mlangoni, akatazama kiganja cha Kasuku kilichofungwa kitambaa, akavuta kiti cha marehemu na kukikalia bila kuomba ruhusa. Mama mdogo naye alikuwa amejipenyeza, amesimama pembeni, anafuta kamasi.

"Wewe uliyemo humo," mganga akamwambia Kasuku, "jitaje."

"Mimi ni mama yao," ilijibu sauti.

"Mama yao kafa, kazikwa, kaoza. Wewe ni jini, tena jini doezi, unakula vya watu. Nani kakuita?"

Kisha Kasuku akacheka, si kicheko chake wala cha mama. Kilitoka chini sana.

"Nilikuwa napita. Nikakuta nguo imefuliwa, imepigwa pasi, imetundikwa. Kila siku wanaitoa, wanaitingisha, wanaitundika tena. Haina mwenyewe. Nikaivaa."

Dada akauma vidole. Mganga akamgeukia, na ukali wake ukapungua kidogo.

"Umesikia? Mama yenu hayumo. Huyu kavaa ile sura mliyokuwa mnaicheza. Kucheka si dhambi, mwanangu, lakini nyinyi mmemcheza miaka bila kusema hata siku moja alichowatenda. Semeni sasa. Wazi. Bila mzaha, na kila mtu kwa sauti yake."

"Kasuku, anza," Dada akasema.

Kasuku akafungua mdomo. "Nyie mbwa wawili..." ikaanza ile sauti, na mganga akapiga meza kwa kiganja mpaka pasi zikaruka.

"Nimesema yako!"

"Sina," Kasuku akalia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukwaruza, na dada yake akagundua kwamba hakuwa ameisikia tangu walipokuwa watoto. "Sina yangu, mama. Mimi nilikuwa... nilikuwa mdogo. Nilikojoa kitandani. Akaniita. Nikaenda mwenyewe. Hilo ndilo linaloniua, nilikwenda mwenyewe, nikaupeleka mkono. Nikasema ahsante mama. Alitaka tuseme ahsante."

"Endelea."

"Sikumkosea kitu! Mtoto anamkosea nini mtu mzima?"

Kiti alichokalia mganga kikatikisika. Hakuinuka. Makoti ya zahanati, ambayo sasa yalitundikwa ukutani yakauke, yakaanza kujaa upepo, mikono ya makoti ikanyanyuka.

"Na wewe," mganga akamwambia Dada.

"Nilimchukia," Dada akasema, kisha akapaza sauti, miaka yote ikamtoka kwa pamoja. "Nilimchukia! Alipokufa nilifurahi, nikajifanya nalia ili watu wasiseme. Alinichoma kwa sababu nilicheka. Alimchoma mdogo wangu nikashika taa ili aone vizuri! Alituharibu, halafu mnatuambia mama ni mama! Mama gani? Sitamwomba radhi. Simsamehi. Na mwanangu hamgusi, si yeye, si wewe, wala si huu mkono wangu!"

Harufu ya wanga unaoungua ikapanda ikawaziba pua. Kasuku akaanguka magoti, anatapika hewa, na kila alipotapika sauti ya mama ilitoka vipande vipande, kikohozi, tusi, kucheka, tusi, mpaka ikabaki kama mtu anayeomba maji.

Hapo mama mdogo akashindwa kuvumilia.

"Inatosha!" akapiga kelele. "Mnamfukuza dada yangu kama mbwa! Alikuwa mtu mwema! Kama nyinyi hamumtaki, mimi namtaka. Njoo, dada. Njoo kwangu!"

Mganga aligeuka, uso umempauka. "Umesema nini wewe mwanamke?"

Makoti yakashuka. Kasuku akavuta pumzi ndefu, akalala sakafuni, akalia kwa ile sauti yake nyembamba. Mama mdogo alijikaza, akajitengeneza kilemba, akatoka bila kuaga.

"Katoka," mganga akasema, huku anakusanya vitu vyake. "Ila sikusema kaenda mbali. Akiita, msiitike. Hata kwa utani."

Nyumba ikapoa. Kasuku alifanya kazi kwa mkono mmoja na akaongea kidogo, lakini alichoongea kilikuwa chake. Dada alimweleza binti yake kuhusu bibi, kwa maneno machache yanayomfaa mtoto, bila kuficha. Mtoto alisikiliza, akauliza kama iliuma. Dada akasema iliuma sana.

Kisha asubuhi moja, wote watatu wakiwa chumba cha pasi, wakasikia ndala zinakuja kwenye kichochoro. Mguu mmoja unasita, mwingine unavutwa. Zikasimama nje ya mlango uliofungwa. Kupitia dirisha waliuona uso wa mama mdogo, umekunjwa mahali ambapo haukuwahi kukunjwa, na unatabasamu.

"Nyie," aliita, na haikuwa sauti yake. "Tunakaa vizuri kule kwangu, mimi na mdogo wangu. Ila nyumba haina mtoto." Ikawa ya upole, upole kabisa. "Mjukuu wangu!"

Mtoto alikuwa amefundishwa adabu. Mtu mzima akiita, unaitika. Akainua kichwa, akafungua mdomo aseme abee.

Mkono wa Dada ukanyanyuka, ukaenda kwa kasi usoni mwa mtoto. Mtoto aliuona unakuja wala hakukwepa, maana hakujua mkono wa mama unakwepwa. Ukamfunika mdomo, taratibu, ukamvuta kifuani.

Nje sauti ikaita tena, na tena, ikaanza kukasirika. Ndani hakuna aliyeitika.