Ndege Wasiotoka Damu

Wa kwanza kuisimulia hadithi hii ni Amisa mwenyewe, mwaka 1983, huko Kabambare, siku wake za wanawe walipomuuliza kwa nini hagusi nyama ya ndege, hata kuku wa sikukuu. Mambo yenyewe yalitokea Kasongo, mashariki ya Kongo, wakati wa Wabelgiji, mwaka 1955, Amisa akiwa bado ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, Faida.

Kilichomshtua mwanzo kilikuwa maji. Aliwamwagia maji ya moto njiwa walioletwa na mumewe, Hemedi, ili awanyonyoe. Shingo zao zilikuwa zimekatwa vizuri, kama inavyotakiwa kwa Waislamu. Lakini maji hayakubadilika rangi. Akaminya shingo moja kwa kidole gumba. Kikatoka kitu cheusi, kizito, kama mlenda uliochacha, kikamnata kidoleni.

"Baba Faida," aliita, "hawa ndege hawana damu?"

Hemedi alikuwa kwenye barza, mbele ya nyumba, anapaka bunduki yake mafuta. "Ndege iko kidogo, na damu yake iko kidogo. Pika."

Ilikuwa bunduki ya upepo. Mzungu mmoja aliyenunua pamba alimwachia Hemedi, mpimaji wake wa mizani, alipokuwa anarudi kwao. Haikula baruti. Uliivunja katikati, ukatia kipande cha risasi kidogo kama punje ya mtama, ukaifunga, na ilipolia ilifanya *tfu*, kama mtu anayetema mate. Kila mchana, Amisa alipoanika mihogo kwenye mikeka nyuma ya nyumba, njiwa walishuka kudonoa, na Hemedi alikuwa tayari dirishani.

"Mama Faida!" Pascaline, jirani yao Mkristo, alicheka kutoka ng'ambo ya ua. "Bwana yako anapigana vita na ndege? Aende basi kwa jeshi, watamupa kofia!"

"Wacha, dada. Afazali ndege kuliko pombe."

Hemedi hakujali kuchekwa. Alikuwa mtu wa Lusangi, mgeni mjini, na kwa miaka mingi waumini wa msikitini walimwita mutu wa pori. Tangu bunduki ile ije, kila Ijumaa alipeleka sahani ya njiwa waliokaangwa kwa mawese kwenye barza ya msikiti. Sasa walimsogezea mkeka karibu na mwalimu Zuberi. Walimwita Bwana Hemedi.

Siku moja Amisa aliacha chungu motoni, akatoka na mtoto mgongoni, akamkuta mumewe amechuchumaa kwenye mihogo. Njiwa alilala mbele yake. Kichwa kilikuwa kimeinama vibaya, na siafu walikuwa wameshaingia jichoni. Hemedi akainua kisu, akasema kwa sauti kubwa, ili nyumba nzima isikie, "Bismillahi!" Kisha akaikata shingo ya maiti.

Na kwenye migomba, nyuma kabisa, kitu kilipiga midomo. Kilifyonza mate kwa starehe, kama mzee anayesubiri sahani.

"Umesikia?" Amisa alinong'ona.

"Nini?"

"Ule ndege alikuwa amekufa. Nimeona siafu."

"Alikuwa hai kidogo."

"Baba Faida, ule ni muzoga! Umepelekea watu muzoga?"

Hemedi alimshika mkono, akaubana. "Punguza sauti. Ndege ya bunduki hii inakufa palepale, nifanye nini? Nani anajua? Wewe tu. Ukisema, watanitemea mate mbele ya watu."

Siku ile Amisa alikataa kupika. Hemedi akapika mwenyewe, akala mwenyewe, na sauti ya kula kwake ilimfanya Amisa aondoke jikoni, kwa kuwa haikuwa sauti ya mtu mmoja.

Tangu hapo nyumba ikashika harufu. Ilikuwa harufu ya manyoya mabichi yaliyofungiwa gunia, na chini yake harufu ya damu iliyolala. Iliingia katika unga, katika kanga, katika nywele za mtoto. Mifupa ambayo Hemedi alitupa kwenye migomba ilirudi. Amisa aliikuta asubuhi mlangoni pa jiko, imefyonzwa ikawa myeupe, imepangwa safi, bado ina mate. Aliifagia kwa ufagio, na mate yale yakavutika kama uzi kutoka mfupa hadi ufagio, yasikatike.

Kisha Faida akakataa ziwa.

Alikuwa mtoto mlafi, wa kunyonya huku anapiga teke. Sasa akisogezewa ziwa aligeuza uso na kufumba midomo. Uji aliutema. Amisa alijikamua mkononi ili aone, na maziwa yalitoka ya kijivu, yenye nyuzi, yana harufu ileile, na katikati ya kiganja, ndani ya maziwa yake mwenyewe, kulikuwa na kinyoya kidogo, laini, kilichokunjwa kama kope. Alijifuta kwa majani, kwa mchanga, kwa majivu, mpaka ngozi ikachubuka.

Pascaline alimpakata mtoto, akampima kwa mkono. "Mama Faida, huyu mutoto anakuwa mwepesi kama kikapu. Fanya kitu, ao utamuzika."

Hemedi naye alikuwa amebadilika. Koo lake lilivimba mbele, likawa kama gole la njiwa lililojaa nafaka, na alipomeza kitu kiligeuka mle ndani kabla ya kushuka. Alipozungumza, mwisho wa maneno ulikuwa na mngurumo wa njiwa dume. Alasiri moja Amisa alimkuta amekaa kwenye mikeka ya mihogo, mdomo wazi, kichwa nyuma, akingoja, na kutoka kwenye migomba kitu asichokiona vizuri, chenye shingo ndefu isiyo na manyoya, kilikuwa kinamlisha mdomoni kama ndege anavyolisha kinda, kikitapika na kusukuma, kikitapika na kusukuma, na Hemedi anameza, amefumba macho, machozi yanamtoka.

Amisa alikimbia moja kwa moja kwa mwalimu Zuberi.

Mwalimu alikuja kabla jua halijazama. Alikaa mbele ya Hemedi, akafungua kitabu, akaanza kama mtu yeyote anavyoanza: "Bismillahi..."

"Nimefika," ilijibu sauti. Ilitoka katika lile koo, si mdomoni. Ilikuwa na heshima. "Si mumeniita?"

Mwalimu aliweka kidole kwenye mstari. "Nani amekuita?"

"Mwenye nyumba. Kwa jina hilohilo. Alilitaja juu ya maiti, akaniwekea sahani. Sasa ninaona nyumba iko na maziwa pia."

Mwalimu alifunga kitabu polepole. Alimwangalia Hemedi, akajifuta midomo, na Amisa akajua kwamba anakumbuka zile sahani za Ijumaa.

"Hemedi," alisema kwa sauti ya chini. "Wale ndege uliwachinja hai?"

"Hai, mwalimu."

Koo likacheka.

Mwalimu akamgeukia Amisa. "Mama, mimi siwezi. Jina la Mungu linafunga mulango, na huyu bwana amelitumia kufungua. Kila nikisoma, ninamukaribisha tena. Aliyedanganya aseme mbele ya waliodanganywa. Hakuna dawa ingine."

"Sisemi," Hemedi alinong'ona. "Mwalimu, nitarudi kuwa nani?"

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, wanaume walipokuwa wamekaa kwenye barza ya msikiti, Hemedi akiwa kati yao, Amisa alikuja amembeba Faida, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kulia, na kikombe mkononi. Alisimama mbele ya mumewe. Mwanamke hakuwa na kawaida ya kusimama pale.

"Namna gani tena, bibi?" mmoja aliuliza. "Umetuletea chai?"

Amisa alikiweka kikombe mapajani mwa Hemedi. Ndani yake kulikuwa na maziwa yake, ya kijivu, na manyoya yanaelea.

"Hii ndiyo chakula mutoto wako anapewa," alisema. "Kunywa, ao sema."

Harufu ilipanda. Waliokaa karibu walivuta kanzu puani. Hemedi aliangalia kikombe, akawaangalia wale watu mmoja mmoja, wote waliomsogezea mkeka. Faida aliachia pumzi ndogo na hakuvuta nyingine mara moja.

"Niliwalisha muzoga," Hemedi alisema. "Wote walikuwa wamekufa. Nilikata maiti, nikasema Bismillahi ya uongo."

Hakumaliza. Koo lake lilijaa, likapanda, na akaanza kutapika: manyoya yaliyolowa, mafungu kwa mafungu, vipande vya risasi vikilia juu ya sakafu, halafu nyama isiyoiva, halafu, kwa uchungu na kwa kupasuka pembe za mdomo, kitu kimoja kama kinda lisilo na macho, ngozi ya waridi, kikubwa kama paka, kinachopumua. Kila mwanamume kwenye barza aligeuka akatapika alipokaa, mwalimu akiwa wa kwanza, mpaka mikeka ikaogelea na hakuna aliyejua chake ni kipi.

Kasimu peke yake hakutapika. Alikuwa mzee kuliko wote pale, mchuuzi wa chumvi, hana jino hata moja. Kile kitu kilijiburuta kwa tumbo katikati ya matapishi, kikafika miguuni pake. Kasimu akakifunika kwa pindo la kanzu yake.

"Nyama ni nyama," alisema, akilamba ufizi. "Mulijifanya hamujui?"

Hakuna aliyekiona kikitoka upande wa pili.

Mikononi mwa Amisa, Faida aligeuza kichwa, akatafuta ziwa. Mama alilitoa palepale, mbele ya wanaume wote, na maziwa yalikuwa meupe.

Wiki ile walihama. Hemedi hakuitwa tena Bwana na mtu yeyote wa Kasongo. Alikufa Kabambare mwaka 1961, bila kulalamika hata siku moja. Mwalimu Zuberi amekufa, na Pascaline, na wengine wote wa barza. Amisa yuko hai, na Faida yuko hai, ana watoto wake. Na wachuuzi wanaotoka Kasongo wanasema kwamba Kasimu naye bado yuko hai, anakaa palepale, na kinywa chake kimejaa meno.