Mkalimani wa Uttam Nagar

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Dawt Par aliteremka ngazi na madumu yake kwenda kulisubiri lori la maji. Katika uchochoro wao wa Uttam Nagar, huko Delhi, maji hayakuja kwa bomba. Yalikuja kwa lori, na aliyechelewa kuushika mpira wa maji alirudi na madumu makavu.

"We Momo, rudi nyuma!" kijana mmoja alimpigia kelele asubuhi hiyo. Momo ni maandazi ya mvuke yenye asili ya milimani, yaliyouzwa kila kona ya mtaa, na vijana walizoea kuwaita hivyo watu wenye macho membamba kama ya Dawt Par.

"Momo angalau watu humpangia foleni," alijibu kwa Kihindi kisicho na doa. "Wewe nani alishawahi kukupangia foleni?"

Wanawake wakaangua kicheko. Sunaina, jirani yao wa ghorofa ya chini, alimpigania nafasi kwenye mpira. "Mpisheni! Huyu ukimgusa kwa ulimi, atakuacha uchi."

Dawt Par alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliletwa Delhi mgongoni mwa mama yake, wakati askari walipokichoma kijiji chao katika milima ya Wachin, nchini Burma. Mama alifanya kazi ya kushona mifuko, na baba aliosha vyombo mkahawani. Kihindi chao kiliishia kwenye chumvi, kodi na hapana. Wachin wengi wa mtaa ule walikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye nyumba alipogomba, aliitwa Dawt Par. Gesi ilipokwisha, aliitwa Dawt Par. Naye alipenda kuitwa.

"Bila mimi mtaa mzima ungekuwa bubu," alimwambia rafiki yake Cinte.

"Nyanyua basi dumu langu, ewe ulimi wa mtaa," alijibu Cinte.

Kanisa lao lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya kutengeneza majokofu. Mwaka ule Mchungaji Hrang Cung, mtu mpole aliyeongea taratibu kama anayepanda mlima, alileta shauri jipya. Alitaka milango ifunguliwe kwa majirani, ambao wengi walikuwa wamehamia Delhi kutoka jimbo la Bihar kutafuta riziki.

Mzee Bawi, mzee wa kanisa, akainua mkono. "Mchungaji, sisi wenyewe ni wakimbizi. Tunaishi kwa kusaidiwa. Tutampa nini mtu?"

Mchungaji alimgeukia. "Mzee wangu, unakumbuka kule milimani tulivyokuwa tukiomba kila Jumapili? Tuliomba Mungu amtume mmoja wetu India, akawahudumie watu kwa neno na kwa matendo. Tulishindwa kumtuma kwa kukosa nauli. Sasa tazama humu ndani. Ametuleta wote, na hakuna aliyekatiwa tiketi!"

Watu walicheka, na wengine wakafuta machozi huku wakicheka. Mzee Bawi alitikisa kichwa, lakini mkono aliushusha.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, sufuria kubwa la sabuti lilipakuliwa kwa yeyote aliyepanda ngazi zile. Sabuti ni mahindi yaliyochemshwa mpaka yakalainika. Waliipika kwa maharage bila nyama, maana majirani wengi hawakula nyama. Dada Iang, aliyekuwa muuguzi kule kwao, aliwapima watoto homa na uzito. Mahubiri yalitolewa kwa Kichin, na Dawt Par, akiwa amevaa sketi ya kufumwa ya mama yake, alisimama kando ya Mchungaji na kuyatia katika Kihindi.

Mwanzoni alitafsiri neno kwa neno. Kisha akaona majirani wakipiga miayo. Siku moja aliongeza utani kuhusu mbuzi wa mwenye nyumba, na chumba kizima kikacheka. Mchungaji alitabasamu, akidhani wamefurahia mfano wake wa mpanzi. Tangu hapo Dawt Par akawa anakata hapa na kuongeza pale. Sentensi ndefu zilimchosha, hivyo alizifupisha.

"Lakini Mchungaji hakusema hivyo," Cinte alimnong'oneza siku moja. Naye alisoma shule moja na Dawt Par na alielewa lugha zote mbili.

"Nimetia chumvi tu. Kwani wewe mboga isiyo na chumvi unaila?"

"Chumvi ni ya mpishi, si ya mpakuaji."

Dawt Par alimbenulia midomo. Majirani walikuwa wanaongezeka kila wiki, na wote walimsifu yeye.

Ikafika Jumapili moja baada ya mvua za masika. Mbu walikuwa wamejaa kwenye madimbwi. Sunaina alipanda ngazi akiwa amembeba mwanawe Golu, mtoto wa miaka minne. Golu hakukimbilia sufuria kama kawaida yake. Alilaza kichwa begani mwa mama yake, macho yamelegea.

"Ana homa tangu juzi," Sunaina alisema. "Mwambie Mchungaji amwombee."

Mchungaji alimgusa mtoto kipaji cha uso. Alimwita Dada Iang, naye akampima na kunong'ona na Mchungaji kwa muda. Kisha Mchungaji akasema kwa Kichin, taratibu kama desturi yake: "Mwambie tutamwombea sasa hivi. Lakini kuomba kusimzuie kwenda hospitali. Msimu huu kuna homa ya kidingapopo, na mtoto apimwe damu leo hii. Asimpe dawa ya maumivu ya dukani, maana nyingine humfanya mgonjwa avuje damu. Ampe maji mara kwa mara. Kama anaogopa hospitali, Iang atakwenda naye."

Sufuria lilikuwa limefunuliwa. Harufu ya sabuti ilijaa chumbani, na watoto walikuwa wameanza kusukumana kwenye foleni. Dawt Par alimgeukia Sunaina.

"Mchungaji anasema watamwombea Golu, naye atapona. Usiogope."

Uso wa Sunaina uling'aa. Mchungaji aliomba. Sunaina aliinama kwa heshima, akashukuru, akateremka ngazi. Dada Iang alimtazama akiondoka. "Mbona anaondoka? Hataki niende naye?"

"Amesema atakwenda na mumewe," alijibu Dawt Par upesi, akaenda kuchukua bakuli lake. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, na sabuti siku hiyo haikumshuka vizuri.

Kesho yake alasiri, alipotoka shule, alipita mlangoni kwa Sunaina. Golu alikuwa amelala kitandani. Mikono yake ilikuwa ya baridi, madoa mekundu yalikuwa yametokea miguuni, na chini ya pua yake palikuwa na damu iliyokauka.

"Mama Golu! Hospitali wamesemaje?"

"Hospitali ya nini?" Sunaina alikuwa akimpepea mtoto kwa kipande cha boksi. "Nimempa kidonge cha dukani, akatulia. Tumbo ndilo linamuuma. Lakini sina wasiwasi. Mchungaji amesema atapona."

Dawt Par alimshika mkono. "Mpeleke hospitali. Tafadhali, mpeleke sasa hivi."

"Mtoto wewe! Kule tutalala kwenye foleni mpaka asubuhi. Mtu wa Mungu ameshasema neno lake kwa kinywa chako, kila mtu alisikia. Wewe ni mkubwa kuliko Mchungaji?"

Dawt Par alifikiria kukimbia. Angeweza kumwita Dada Iang na kusema tu kwamba Golu amezidiwa. Lakini Dada Iang hakujua Kihindi, na Sunaina asingesadiki lolote linalopinga lile neno la Jumapili. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kulifuta.

"Mchungaji hakusema hivyo," alisema.

"Nini?"

"Hakusema Golu atapona. Alisema umpeleke hospitali jana ile ile, apimwe damu. Alisema usimpe kidonge cha dukani. Dada Iang alikuwa tayari kwenda nawe. Mimi ndiye niliyekata maneno yake. Nilikuwa na haraka ya kula." Machozi yalimtoka. "Na Dada Iang nikamdanganya pia. Ni mimi, Mama Golu. Si Mchungaji."

Sunaina aliacha kupepea. Dawt Par alifumba macho akingojea kofi. Halikuja. Alipoyafumbua, Sunaina alikuwa ameshamfunika Golu kwa shuka na kumbeba.

"Mwite huyo muuguzi wenu," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Mimi namwita baba yake."

Baba yake Golu, Ramashray, aliendesha bajaji ya umeme. Aliwapakia wote akaipenyeza katikati ya msongamano huku akipiga honi bila kukoma. Njiani Dawt Par alimweleza Dada Iang kila kitu. Dada Iang hakumgombeza. Alisema tu, "Leo nitasema mengi kwa daktari. Usiangushe hata neno moja."

Hakuliangusha. Dada Iang alisema mtoto ana mikono ya baridi, naye akalisema. Dada Iang akaongeza kwamba tumbo linauma na alipewa kidonge gani, naye akayasema hayo pia, pamoja na jina la kidonge kama Sunaina alivyolitaja. Alipokwama kwenye neno, alikiri: "Daktari, hili silijui, ngoja niulize." Daktari, mama mmoja mwenye macho ya uchovu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaamuru Golu aingizwe wodini mara moja.

Vipimo vilionyesha ni kidingapopo, na chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimeshuka mno. Alihitaji kuongezewa. Hospitali ilitaka watu wa mgonjwa waje kutoa damu.

Ramashray alikaa sakafuni akashika kichwa. "Watu gani? Ndugu zangu wote wako Bihar. Hapa Delhi sina mtu."

Dawt Par aliomba simu ya Dada Iang akampigia Mchungaji. Safari hii hakufupisha kitu, hata sehemu iliyomhusu yeye. Mchungaji akasema, "Tunakuja."

Walikuja. Wapishi walikuja na aproni zao, washonaji wakaja na nyuzi nguoni, na baba yake Dawt Par akaja na mikono iliyokunjamana kwa maji ya vyombo. Mbele yao alikuwa Mzee Bawi. Walijaza ukumbi mpaka mlinzi akasimama.

"Mbona wengi hivi? Ninyi ni nani wa mgonjwa?"

Dawt Par alitafsiri swali. Mzee Bawi alinyoosha mgongo. "Mwambie ni majirani zake."

"Anasema ni majirani zake," Dawt Par alisema. Ramashray aliinuka sakafuni akawatazama watu wale, ambao hakuwahi kuongea nao zaidi ya kuwasalimu kwa kichwa.

Muuguzi wa benki ya damu aliwapokea mmoja mmoja. Mzee Bawi alipofikiwa, alirudishwa kwa sababu ya umri. Mzee akakasirika. "Mwambie damu ya milimani haizeeki! Aonje kwanza ndipo aniambie!"

Dawt Par alilifikisha neno lilivyo. Muuguzi akacheka mpaka akaweka kalamu chini, na foleni yote ikacheka. Ulikuwa utani wa mzee mwenyewe, na Dawt Par hakuwa ameongeza hata herufi.

Golu alikaa wodini siku kadhaa. Wanawake wa kanisa walipeana zamu ya kumletea Sunaina wali na dengu. Siku homa iliposhuka na mtoto akaomba biskuti, Sunaina alimkumbatia Dada Iang, na wala hawakuhitaji mkalimani. Dawt Par alikuwa amesimama mlangoni. Sunaina akamgeukia.

"Nimekukasirikia sana," alisema. "Lakini ungenyamaza, ningemzika mwanangu. Njoo umsalimie."

Jumapili iliyofuata Dawt Par alifika mapema kuliko wote. Mchungaji alikuwa akipanga mikeka.

"Mchungaji, mpe Cinte kazi yangu. Mimi sistahili."

Mchungaji alimwonyesha mkeka, wakaketi.

"Babu wa babu yangu alilisikia Neno kutoka kwa mgeni aliyevuka bahari," alisema. "Mgeni yule hakujua Kichin. Mwenzetu mmoja alisimama kando yake akatafsiri. Jina lake halikuandikwa popote. Lakini wazee hawakukisikia kinywa cha mgeni, walikisikia kinywa cha mkalimani wake. Kama angewadanganya, sisi leo tungekuwa wapi?"

Dawt Par aliinamisha kichwa.

"Wengine wana hospitali na shule za kuwapa watu. Sisi tulikimbia mikono mitupu. Tulichokuja nacho ni mikono yenyewe, damu, na ukweli wa maneno yetu. Ndiyo maana kosa lako lilikuwa kubwa. Lakini mbele ya Sunaina ulikuwa na njia rahisi ya kujificha, nawe hukuipita. Mtu aliyekwisha kujua bei ya neno moja, huyo ndiye ninayemtaka kando yangu. Cinte naye atakaa mbele akusikilize. Ukikosea, atakusahihisha."

"Atafurahi sana huyo," alisema Dawt Par, akacheka huku akipangusa pua.

Watu wakaanza kuingia. Sunaina na Ramashray waliketi mbele, Golu katikati yao, mwembamba lakini macho yamechangamka. Nyuma yao kulikuwa na nyuso ambazo Dawt Par hakuwahi kuziona mle ndani. Akasimama kando ya Mchungaji. Katikati ya mahubiri, Mchungaji alitumia neno la kale la milimani. Dawt Par alifungua kinywa, kisha akakifunga.

"Mchungaji, neno hilo sijalielewa."

Mchungaji hakuona haya wala hakuwa na haraka. Alimweleza neno lile polepole, mpaka akaridhika kwamba ameelewa. Kisha akaugeukia umati na kusema, naye Dawt Par akatafsiri kila kipande kwa sauti iliyofika mpaka ngazini:

"Majirani zangu, mtoto huyu ameuliza kwa sababu anawaheshimu. Mwenye kubeba neno la mwenzake na alifikishe zima. Hata mgeni asiye na kitu, akiwa mkweli, ana cha kuupa ulimwengu."